Usimfundishe Mwanangu Kukisia

14 Januari

Wifi,

Salamu. Hapa tuzima. Kaka yako anakohoa kidogo kwa vumbi la barabara wanayoichimba mbele ya nyumba, lakini anakula vizuri na redio yake haizimwi. Mimi nashona. Sare za shule zimenikalia shingoni. Hivi ninavyoandika, mezani kuna sketi arobaini na mbili hazijatiwa hata lastiki.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu, maana wewe na mimi hatuandikiani kwa mapenzi. Jana nimepokea barua ya Chiriku, ya kwanza tangu aje kwako. Mistari sita, yote Kiingereza. Mimi mama yake, niliyemzaa, nikaikunja nikaenda nayo duka la dawa nisomewe mbele ya wateja. Nilikuwa nimemng'ang'ania mwenye duka mkono nikidhani kuna msiba. Kumbe mtoto anasema hajambo na kitanda ni kizuri. Watu wakacheka. Nimepita barabara ya nyuma kurudi kazini.

Nasikia kwako Kiswahili ni marufuku mpaka jua lizame. Wifi, sikukuletea mtoto umfundishe kuona haya na kwao. Alifeli Kiingereza, chuo cha uuguzi kikamwambia arudie mtihani Juni. Ni hilo tu. Na ujue si mimi niliyekuchagua. Baba yake alisema, "Dada yangu amesomesha Kiingereza miaka thelathini, mtoto aende wapi tena?" na Chiriku akamuunga mkono. Nikashindwa, mbili kwa moja.

Amekuja na daftari lake. Hilo tumelijaza sote watatu. Kila siku maneno kumi kutoka kwenye kamusi. Mimi nayaandika kwa chaki ya kushonea juu ya meza ya kukatia, baba yake anataja Kiswahili, mtoto anajibu Kiingereza na kutaja herufi moja moja. Tumefika D. Endeleeni hapohapo tulipoachia. Usimbadilishie mtoto mambo.

Mimi,
Fundi


2 Februari

Wifi,

Barua yako nimeipata. Mimi ni mzima, goti ndilo linalonisumbua kupanda ngazi. Msalimie kaka yangu. Mwambie aache kukaa barazani wakati wa vumbi.

Kuhusu duka la dawa, pole. Chiriku atakuwa anakuandikia karatasi mbili, moja ya Kiingereza na moja ya Kiswahili. Wazo ni lake, si langu.

Kuhusu daftari, nimelifungia kabatini na ufunguo ninao mimi. Kabla hujarusha mkasi, sikiliza. Siku aliyofika nilimwomba anieleze kwa Kiingereza safari ilikuwaje. Akanitazama tu. Huyo ndiye mliyemwita Chiriku kwa kuongea! Nikamuuliza maana ya 'diligent'. Akajibu papo hapo: mwenye bidii, na herufi zote akazitaja. Nikamwambia, haya, litungie sentensi. Akasema, "My bag is diligent." Mkoba wake una bidii. Ndiyo faida ya chaki yako, wifi. Mtoto ana maneno elfu moja na hawezi kuomba maji ya kunywa.

Neno halimezwi na tafsiri yake kama kidonge. Hapa kwangu anasoma hadithi nyepesi, kurasa tano kila siku, na vitabu vyenyewe ni vya watoto wa darasa la tano, jambo linalomkata maini kweli kweli. Akikuta neno geni haruhusiwi kukimbilia kamusi. Kwanza alitazame lilivyokaa, limezungukwa na maneno gani, habari inaelekea wapi. Anakisia maana, anaiandika kwa penseli pembeni. Ndipo afungue kamusi aone kama amepatia. Baada ya hapo analitungia sentensi tatu katika siku tatu tofauti, ziwe za mambo yake ya kweli. Na asilichukue pekee. Akilipata 'care', alitafute na 'careful', na 'careless', na ukoo mzima. Saa kumi na moja ananisimulia alichosoma, kwa mdomo, nami simkatizi hata akibomoa sarufi yote.

Huo ndio ufundi wangu. Mimi siingii chumbani kwako kukufundisha kupinda nguo.

Wako,
Mwalimu


20 Februari

Wifi,

Kaka yako hakohoi tena. Salamu hizo zinatosha.

Barua yako nimemsomea yote, na tulipofika kwenye mkoba wenye bidii alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Ulimi wako haujapungua ukali, na mimi sijapungua kumbukumbu.

Umeandika "anakisia". Nilisoma neno hilo mara moja, nikaliruka, nikalirudia. Kati ya watu wote walioko duniani, wewe, wifi yangu wewe, unamfundisha mwanangu kukisia Kiingereza?

Nataka nikukumbushe kidogo, maana naona miaka kumi na miwili imekutosha kusahau. Kitanda cha tatu kutoka dirishani. Mume wangu amemwagikiwa na magadi ya kiwanda cha sabuni, jicho la kushoto limekwisha, la kulia linaona ukungu na daktari anasema akipelekwa hospitali ya macho litapona. Afisa wa kiwanda akaja na karatasi ya Kiingereza. Mimi nilikuwa na Chiriku mgongoni, mkubwa lakini homa imemlegeza, sijui hata neno moja lililoandikwa pale. Wewe ukavaa miwani yako, ukasoma. Ukasema, "Ni sawa, saini. Wanaruhusu matibabu zaidi."

Akasaini. Wiki mbili baadaye nikaenda kiwandani kuuliza gari la kumpeleka hospitali ya macho. Yule afisa akanijibu, "Mama, mumeo mwenyewe alikataa matibabu, saini yake hii hapa." Nikakimbilia kwako. Ukaniambia wamebadilisha karatasi.

Sijakuuliza tena tangu siku ile, kwa sababu mume wangu alinikataza. Alisema, "Iache hiyo karatasi, mama." Nimeiacha. Lakini usiniandikie kwamba kukisia ni ufundi.

Fundi


9 Machi

Wifi,

Natumaini hamjambo. Kwetu maji yamekatika siku nne, tunachota kwa jirani.

Yale uliyoyaandika nilikwisha kuyajibu zamani. Kiwanda kile kilijaa wajanja na si kaka yangu peke yake aliyefanyiwa hivyo. Sioni sababu ya kufukua.

Chiriku anaendelea. Juzi alisoma hadithi ya mzee aliyepoteza ng'ombe, akakuta neno 'stubborn' juu ya ng'ombe aliyekataa kusogea. Akaandika kwa penseli: kichwa kigumu. Akafungua kamusi, akapiga meza kwa furaha. Sentensi zake tatu nakunakilia kwa Kiswahili usije ukazipeleka duka la dawa. Ya kwanza: "Punda wa jirani ni mbishi." Ya pili: "Lastiki hii ni mbishi, haipiti." Ya tatu: "Mama yangu na shangazi yangu ni wabishi, na mimi nakaa katikati."

Sikumsahihisha kitu.

Mwalimu


28 Machi

Wifi,

Wabishi. Sawa.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili. Si yako, ni ya Chiriku. Ile karatasi ya kiwanda, nakala aliyopewa mume wangu, nimeitoa chini ya sanduku la nguo. Kaka yako hajui. Nimenakili kifungu cha pili chote, herufi kwa herufi, kama ninavyonakili mchoro wa gauni nisilowahi kushona. Imenichukua mchana mzima. Kama kuna herufi imepinda ni mkono wangu, si karatasi.

Ulidhani kwa nini nilimnunulia mtoto kamusi ile, na kumsimamia kila siku kama askari? Uuguzi ni wa kwake, anaupenda na namwombea aupate. Lakini mimi nilitaka nyumba yangu iwe na msomaji wake mwenyewe. Mtu ambaye hatanisomea kwa kunihurumia wala kwa kunificha. Tungefika W lini kwa mwendo ule, sijui.

Unasema hadithi za ng'ombe zinamtosha. Mpe na hii asome. Kwanza akisie kwa penseli, kama unavyopenda. Kisha afungue kamusi. Halafu aniandikie kwa Kiswahili baba yake alisaini nini.

Fundi


25 Aprili

Wifi,

Karibu mwezi. Chiriku ameniandikia mara mbili, za Kiingereza na za Kiswahili, ananisimulia maji, hadithi, goti lako. Karatasi yangu haitaji. Hii ina maana hukumpa.

Bahasha zangu unazifungua wewe peke yako, sivyo? Nilijua. Nilitaka nione utafanyaje.

Nimeona.

Fundi


17 Mei

Wifi,

Salamu kwako na kwa kaka yangu.

Karatasi yako niliiweka ndani ya kitabu, kitabu ndani ya droo. Wiki tano. Kila alipoondoka kwenda kwenye masomo ya jioni na wenzake niliitoa nikaisoma. Herufi hazikupinda hata moja, wifi. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa alama zote za mwandiko.

Jumatatu nilimpa. Ningependa kukwambia nilifanya hivyo kwa hiari yangu, lakini yeye ndiye aliyekuja na barua yako ya Aprili mkononi. Siku hiyo posta alikwenda yeye, goti lilikataa. Aliifungua, kwa kuwa nimemzoesha kwamba barua za nyumba hii zinafunguliwa na yeyote. Akaniuliza kwa Kiswahili, na ilikuwa saa nne asubuhi, "Shangazi, karatasi gani?"

Alikaa nayo mezani, penseli mkononi, mimi nimesimama. Akafika kwenye neno lile. 'Waive.' Mfanyakazi 'waives' matibabu yote zaidi. Nikamwona anasita. Akaandika pembeni kwa penseli: anaruhusiwa. Wifi, nilishika kiti. Kosa lilelile. Analijua 'wave', kupunga mkono, na ameona kwenye hadithi askari akipungia gari lipite. Ndivyo nilivyofikiri na mimi siku ile, neno kwa neno. Kisha akafungua kamusi. Akasoma. Akafuta alichoandika, akaandika: anaacha haki yake.

Akaniuliza, "Nani alimsomea Baba hii?"

Nikamwambia mimi.

"Na hukulijua neno?"

Sikulijua. Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza miaka kumi na minane tayari, nikasimama mbele ya afisa mwenye tai, mbele ya kaka yangu anayenisifu wodi nzima, "Huyu ni dada yangu, mwalimu," na sikulijua. Shuleni palikuwa na kamusi. Shule na hospitali vilitenganishwa na barabara moja tu. Ningesema, "Nisubirini robo saa." Sikusema. Nilirudi nyumbani nikalitafuta siku ileile, jioni. Nilijua kabla hujaenda kiwandani. Nilijua wakati jicho bado linaona ukungu. Ningewahi kwenda kwa yule afisa asubuhi yake, nikapiga kelele. Sikwenda. Na ulipokuja kwangu unalia nikakudanganya.

Hakuna aliyebadilisha karatasi.

Chiriku hajaondoka, mtihani ni wiki tatu zijazo na hana pa kwenda. Anakula chumbani. Haniamkii. Maneno aliyonipa ni haya: "Usipomwandikia Mama wewe, nitamwandikia mimi." Kwa hiyo nimeandika. Usinipongeze.

Mwalimu


8 Juni

Wifi,

Sina salamu.

Nilikuwa nimejua kwa miaka kumi na miwili, lakini kumbe kujua na kusomewa ni vitu viwili. Niliposoma "nilijua wakati jicho bado linaona", niliweka mguu kwenye kanyagio la cherehani nikashona. Nilishona mkono wa blauzi kwenye kola. Niliharibu nguo ya mtu, mimi, ambaye sijaharibu nguo tangu niolewe.

Kaka yako nilimsomea baada ya chakula cha mchana. Nilitaka alie, au atukane, walau mara moja. Alizima redio. Kisha akasema, "Nilijua."

Nikamuuliza ulijua nini.

"Nilijua kuwa halijui neno. Alisita. Nilikuwa bado naona kidogo, nikamwona midomo inasogea haitoi sauti, halafu akanitazama. Nikaona nikimwuliza mbele ya yule bwana nitamvua nguo dada yangu. Nikasaini."

Wifi, nimeolewa na mtu huyu miaka ishirini na mitatu. Nimemshika mkono kumpeleka msalani. Nimemkatia kucha. Nimekuchukia wewe kwa ajili yake kila siku tangu siku ile, nimekuchukia nikiwa nimechoka, nimekuchukia hata siku za harusi za watu. Kumbe yeye alikuwa anajua, na alininyamazisha mimi ili wewe usiaibike. Kati ya macho yake na heshima yako, alichagua heshima yako. Mimi na mtoto hatukuwemo kwenye hesabu.

Nimemwambia hivyo. Nimemwambia kwa sauti, mpaka wateja wakasimama mlangoni. Akasema, "Ndiyo, mama. Nilikosa." Basi. Yeye huyo, hagombani. Unagombana naye kama unagonga godoro.

Sasa siongei naye. Nampakulia, namwekea kijiko mkononi, siongei. Siku ya sita leo. Usifikiri kwamba hasira imekupungukia kwa kuwa nimepata wa kugawana naye. Inawatosha nyote wawili.

Mtoto akimaliza mtihani apande basi arudi.

Fundi


1 Julai

Wifi,

Chiriku amepanda basi la leo saa moja. Mtihani amefanya, anasema si mbaya. Daftari lenu nimemrudishia. Nilidhani atalitupa. Siku mbili za mwisho nilimwona analipitia, lakini hakariri, anatafuta yale maneno aliyokutana nayo kwenye hadithi na kuyatungia sentensi. Anasema amepata mia tatu na kitu aliyokuwa akiyajua tayari bila kujua kwamba anayajua. Kwa hiyo chaki yako haikupotea yote. Nimeona niandike.

Kwenye kituo cha basi aliniamkia. Ilikuwa kuaga, lakini alisema "shikamoo". Nikaitikia.

Kwa kaka yangu sina la kumwambia ambalo barua inaweza kubeba.

Mwalimu


30 Agosti

Wifi,

Hatujambo. Barabara imekwisha, vumbi hakuna. Na kaka yako tunaongea, tangu Julai, mengine kwa ukali.

Matokeo yametoka. Chiriku amefaulu Kiingereza, na vizuri. Chuo kinafungua wiki ya tatu ya Septemba. Nimemshonea sare mwenyewe, nyeupe, na nimefumua mara tatu mpaka bega likakaa sawa. Anaongea tena kama cherehani ya umeme, kwa lugha zote mbili, kichwa kinaniuma.

Kuna jambo jingine. Habari zimeenea mtaani kwamba binti wa fundi anasoma Kiingereza. Wanakuja. Mwenye nyumba na mkataba, mama mjane na barua ya benki, na wiki iliyopita vijana wawili wa kiwanda kilekile cha sabuni, wameshika karatasi, mmoja mkono umefungwa bendeji. Nilisimamisha cherehani.

Aliwakalisha pale kwenye meza ya kukatia. Akasoma kimya, mstari kwa mstari, kidole kikifuata. Akafika mahali akasimama. Yule mwenye bendeji akasema, "Dada, basi inatosha, si tusaini tu?" Wanasubiriwa getini, unaelewa? Mwanangu akamtazama, akamwambia, "Neno hili silijui. Usisaini. Nisubiri."

Akainuka akaenda kuchukua kamusi. Hakukimbia wala hakuona haya. Alichukua muda wake, na wale vijana wakangoja wakitazama kuta. Kumbe neno lenyewe halikuwa na ubaya wowote. Lakini baba yake, pale kitini kwake, aligeuza uso ukutani, na mabega yake nikayaona.

Sijakusamehe. Nataka uliweke wazi hilo kichwani. Nimejaribu kuona kama ninaweza, siwezi, na sijilazimishi. Lakini kile alichosema mtoto mimi sikumfundisha. Mezani kwangu asiyejua neno alikuwa anarudia mara hamsini. Nimemuuliza amekipata wapi. Akasema kwako, siku ile ya karatasi, uliposimama umeshika kiti.

Kaka yako anasema uje kabla mtoto hajaenda chuo. Jumamosi, anasema. Mimi Jumamosi nina magauni ya watu, sitapata nafasi ya kukupokea kituoni wala ya kukaa kuongea. Mlango mchana hatuufungi.

Fundi